Ada ilikuwa shilingi 13: je, alituma ngapi?

Niliyasema haya mbele ya walimu wa hisabati wa shule za upili, Kisumu, Jumamosi moja likizoni. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Nimepunguza tu vicheko, pamoja na ile sehemu ambapo umeme ulipotea na tukabaki kupigiana hadithi.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, hamjambo.

Naona macho ya wengi yako kwenye mtungi huu mezani kuliko yalivyo kwangu. Ni wa mama mkwe, umetoka Seme, na nimeapa mbele yake kwamba utarudi bila ufa. Tutaufikia. Nilipoombwa nizungumze kuhusu hisabati kwa Kiswahili nilicheka, kwa sababu sisi hufundisha kwa Kiingereza halafu tunaeleza kwa Kiswahili wanafunzi wakishatoa macho. Leo basi tutafanya yote kwa lugha ile ya kueleza. Pale nitakapokosa neno nitatumia maneno mengi, mnivumilie.

Nianze na simu, maana kila mmoja anayo. Ada za M-Pesa mnazijua: ukituma shilingi 101 hadi 500 unakatwa 7, ukituma 501 hadi 1,000 unakatwa 13, ukituma 1,001 hadi 1,500 unakatwa 23, na kuendelea. Mwaka jana niliiandika orodha hiyo ubaoni, kidato cha tatu, nikauliza: kijana ametuma 800, amekatwa ngapi? Darasa zima: kumi na tatu! Nikauliza la pili: dada yake amekatwa 13, je, alituma ngapi?

Kimya. Halafu kalamu zikaanza kukimbia. Wengine waliandika 800, kwa kuwa ndiyo namba waliyoiona karibu na 13. Wengine 750, wakaniambia ni katikati. Mmoja aligawanya 800 kwa 13 kisha akazidisha kwa kitu ambacho hadi leo sijakijua. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye mtihani wa muhula ulikuwa umempa D, aliandika hivi: "Mwalimu, hatuwezi kujua. Ni kuanzia 501 hadi 1,000." Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akalitazama jibu lake, akachungulia kwa jirani ambaye ni mtu wa B, akaona jirani ana namba moja safi. Akachukua kifutio, akafuta.

Jibu lile lililofutwa lilinikosesha usingizi kuliko yote yaliyokosewa.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumemaliza mada ya fomula. Unapewa herufi iliyofichwa katikati ya mlinganyo, unaitoa ibaki peke yake upande mmoja. Walifanya vizuri sana, nikawasifu, nikajisifu na mimi kimoyomoyo. Kumbe walichojifunza ni kazi ya mikono: hamisha, badilisha ishara, gawanya. Kwamba kurudi nyuma kutoka kwenye jibu hadi kwenye chanzo ni swali lenye maana, na kwamba wakati mwingine njia ya kurudi ina matawi 500, hilo halikuwamo. Na mimi nisingejua, kwa sababu mtihani wangu haukuwa na mahali pa kuliuliza.

Nitatumia neno fankisheni. Sijapata la Kiswahili ambalo mwanafunzi wa Nyalenda na wa Mombasa watalielewa sawa. Maana yake ni hii: ukinipa hiki nakupa kile, na ukinipa hicho hicho kesho nitakupa kile kile. Ukituma 800 leo na 800 kesho, ada ni 13 siku zote mbili. Hiyo ni fankisheni. Ukianzia kwenye ada kurudi kwenye fedha zilizotumwa, huna fankisheni tena, kwa sababu 13 moja inaelekeza kwenye mamia ya namba. Hilo ndilo msichana wa nyuma alilolisema kwa maneno yake.

Tuutazame mtihani wetu kidogo. Hisabati ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, tunaijua kama njia ya kwenda nyumbani: karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima, alama 50. Sehemu ya pili maswali manane, chagua matano, alama kumi kila moja. Mwongozo wa kusahihisha nao tunauota usingizini, M1 ya njia, A1 ya jibu, B1 ya kujitegemea. Sina ugomvi na mtihani huo. Unafanya kazi yake, na M1 ni haki, kwa sababu mtoto aliyefuata njia akakosea kujumlisha hastahili sifuri. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi hodari wa kuokota M1 anaweza kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne bila kuulizwa hata mara moja y inafanya nini wakati x inaposogea. Nasi tunatunga mitihani ya muhula kwa kunakili karatasi za miaka iliyopita, kwa hiyo tunampima kile kile mara ishirini.

Baadhi yenu mna mvi za kutosha kuikumbuka SMASSE ya mwaka 1998, ule mradi wetu na Wajapani wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ilipoanza kwa majaribio katika wilaya tisa, Kakamega ikiwa mojawapo. Tuliambiwa mwanafunzi ashike, apime, akisie, asikae tu akitazama mgongo wa mwalimu. Masomo yalibadilika kidogo, angalau siku ambazo mkaguzi alikuwa anakuja. Mtihani wa muhula haukuguswa. Na mwanafunzi si mjinga, anasoma kile kitakachoulizwa.

Sasa twende mbali kidogo. Marekani wana somo zima la kumwandaa mwanafunzi kabla ya kuingia kalkulasi, ile hisabati ya jinsi vitu vinavyobadilika, wanaliita prikalkulasi: aljebra, grafu, fankisheni za kila aina, trigonometria. Sisi vitu hivyo tumevitawanya kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Wao walishangaa kuona vijana wanaolipita somo hilo kwa alama nzuri wanaanguka kalkulasi. Wakaanza kuuliza maswali ya ajabu.

Marilyn Carlson, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, alichapisha uchunguzi mwaka 1998. Aliwaendea wanafunzi waliopata A katika aljebra ya chuo, akawaomba watoe mfano wa fankisheni ambayo majibu yake yote ni sawa, weka namba yoyote utoe kitu kimoja. Asilimia 7 tu ndio waliotoa mfano sahihi. Asilimia 25 waliandika y = x. Hao ni wenye A, walimu wenzangu.

Na mfano wenyewe uko pale stendi. Choo cha kulipia, shilingi kumi. Ukikaa dakika moja ni kumi. Ukikaa dakika ishirini na gazeti ni kumi. Grafu yake ni mstari uliolala, na hakuna mtoto wa Kisumu asiyeifahamu fankisheni hiyo. Anaifahamu mpaka anapoingia darasani. Ndani ya darasa fankisheni lazima iwe na x inayoonekana, lazima kuwe na kitu cha kukokotoa, na y = 10 inaonekana kama mlinganyo uliosahauliwa katikati.

Carlson alipata jambo jingine. Ukimpa mwanafunzi fankisheni kwa alama ya f, halafu ukataka thamani yake si kwa x bali kwa x na kitu kilichoongezwa, asilimia 43 walichukua kile kitu wakakibandika mwishoni. Tujaribu hapa. Tuseme f(x) = x² + 3x, na unatakiwa kutafuta f(x + 2). Wanafunzi wangu wengi huandika x² + 3x + 2, wanaendelea na maisha. Jibu ni (x + 2)² + 3(x + 2), yaani x² + 7x + 10. Ukitaka kumwonyesha bila kumwambia, mwombe aweke x = 1. Anatakiwa kupata f(3), ambayo ni 18. Yake inatoa 6. Mimi hunyamaza hapo, nikamwacha na 6 yake na 18 yangu wagombane.

Wataalamu wanatofautisha namna mbili za kuiona fankisheni. Ya kwanza ni kama amri: nipe namba, nipe fomula, nitatekeleza, moja baada ya nyingine. Ya pili ni kama mwenda kwenye mashine ya kusaga ambaye hahitaji kusimama pale kila kopo la mahindi likimiminwa. Anajua magunia yote yaliyoingia na unga wote uliotoka, na ukimwonyesha unga anaweza kukwambia umetoka gunia gani, au akakwambia haiwezekani kujua. Mwenye namna ya kwanza peke yake atajibu kuhusu 800. Kuhusu 13 atakwama.

Swali ni jinsi ya kupima hilo. Wanafizikia walitangulia. Mwaka 1992, katika chuo hicho hicho cha Arizona, David Hestenes na wenzake walitoa mtihani mfupi kuhusu nguvu na mwendo, usio na hesabu hata moja, maswali ya kuchagua jibu tu. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliuona mtihani wa aina hii rahisi kupindukia, akawapa wanafunzi wake kuthibitisha kwamba wao si kama wengine. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kufuatana na alivyofundishwa, au kufuatana na anavyofikiri yeye mwenyewe. Mazur amesimulia kisa hicho mara nyingi, na alibadilisha ufundishaji wake baada yake. Mimi swali lile lilinigusa kwa sababu wanafunzi wetu hawatuulizi. Wanachagua wenyewe kimyakimya, wanatuandikia tunachotaka kukiona.

Upande wa hisabati, Carlson pamoja na Michael Oehrtman na Nicole Engelke walichapisha kipimo chao cha kuelewa prikalkulasi mwaka 2010. Maswali 25, kila moja na majibu matano ya kuchagua. Waliwafuatilia wanafunzi 248 waliokwenda kusoma kalkulasi. Waliopata 13 na zaidi, asilimia 77 walifaulu kwa C au zaidi. Waliopata 12 kushuka chini, asilimia 60 walianguka, au walipata D, au waliacha somo. Kumbukeni pia kwamba anayechagua kwa kufumba macho atapata kama 5 kati ya 25, kwa hiyo 12 si alama ya kubahatisha, ni mtu anayejua nusu ya mambo, na hiyo nusu nyingine ndiyo itakayomwangusha.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya namba. Kilichonivutia ni jinsi walivyoyatunga. Hawakukaa ofisini wakabuni majibu ya uongo. Waliwauliza wanafunzi maswali ya wazi kwanza, wakakusanya walichokosea, wakawahoji mmoja mmoja kuhusu walivyofikiri, na makosa yale yale ya wanafunzi yakawa ndiyo majibu ya kuchagua. Kisha wakajaribu, wakahoji tena, wakarekebisha, kwa miaka. Sisi tukitunga swali la kuchagua huwa tunafanyaje? Jibu sahihi ni 24, tunaweka 23, 25 na 42. Mtoto akichagua 25 amekwambia nini? Hajakwambia kitu.

Mimi nimejaribu njia yao kwa ukubwa wa darasa langu. Natoa swali moja la wazi, naomba jibu na sentensi moja ya sababu. Jioni nazipanga zile karatasi mezani kwa mafungu, kama mama anavyopanga omena Kibuye. Sipangi kwa alama. Napanga kwa namna ya kufikiri: hawa wamebandika mwishoni, hawa wamesoma grafu kama picha, hawa wamegawanya kwa sababu wameona namba mbili. Mafungu huwa manne au matano, hayazidi sana hata darasa likiwa kubwa. Kesho yake namwita mtoto mmoja kutoka kila fungu, namwambia: nieleze ulivyofikiri. Na hapo, walimu, ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu lazima unyamaze. Mwalimu wa hisabati kusikiliza kosa bila kulirekebisha ni sawa na kumwona mtoto anakaribia jiko. Mikono inakuwasha. Lakini ukirekebisha, mahojiano yamekwisha, atakwambia tu unachotaka.

Nitawapa mfano wa kilichonipata. Bodaboda wawili wanaondoka Kondele saa moja kamili, barabara moja, kuelekea Kakamega. Grafu ubaoni inaonyesha kasi ya kila mmoja kadiri dakika zinavyokwenda. Kasi, si umbali. Mstari wa A uko juu tangu mwanzo. Wa B unaanza chini, unapanda taratibu, na dakika ya kumi unaukuta wa A, kisha unaupita. Swali: dakika ya kumi, nani yuko mbele?

Nimewauliza ninyi sasa hivi na nimeona mikono. Sitasema ni mingapi iliyoinuka kwa "wako pamoja".

Kwa dakika kumi nzima A amekuwa akienda kasi kuliko B. Yuko mbele, na yuko mbele sana. Kilichokutana ni kasi zao, pikipiki ziko mbali. Anayesema wamekutana anaiona grafu kama ramani ya barabara. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea lilikuja kwenye mahojiano. Mwanzoni nilikuwa nimeuliza dakika ya tisa, na karibu darasa lote lilipata: A. Nikafurahi. Kisha kijana mmoja akanieleza: "A yuko mbele kwa sababu mstari wake uko juu." Jibu sahihi, sababu mbovu. Nikagundua swali langu lilikuwa linampa alama kila mtu anayeona kilicho juu na kilicho chini. Nikaongeza dakika ya kumi na moja. Hapo mstari wa B uko juu, lakini A bado yuko mbele, kwa sababu dakika moja ya B haiwezi kufuta dakika kumi za A. Wale wa "mstari uko juu" wote wakahamia kwa B, kama kundi la ndege. Badiliko la dakika mbili katika swali moja, na darasa lililoonekana limeelewa likageuka darasa lisiloelewa. Swali la dakika ya tisa nimelitupa. Lilikuwa linanidanganya kwa miaka.

Kuna jambo la lugha ambalo sijasikia likizungumzwa sana hapa kwetu. Mwaka 1981, John Clement, Jack Lochhead na Stephen Monk waliandika kuhusu wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi walioulizwa waandike mlinganyo unaosema kwamba chuoni wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Asilimia 37 walikosea, na kosa kubwa lilikuwa kuandika 6S = P, S ikiwa wanafunzi na P maprofesa. Yaani kinyume. Sehemu ya sababu ni kwamba wanafuata mpangilio wa maneno ya Kiingereza, ambapo sita inatajwa kwanza, kisha wanafunzi, kisha maprofesa. Sehemu nyingine ni kwamba herufi S wanaisoma kama "wanafunzi" badala ya "idadi ya wanafunzi", kama vile kg inavyosomwa kilo.

Nikaliweka sokoni. Nikaandika kwa Kiswahili: wateja ni mara sita ya wauzaji. Ukifuata maneno haya moja moja unaandika W = 6U, W ikiwa idadi ya wateja na U ya wauzaji, na umepata bila jasho. Nikaandika tena: kwa kila muuzaji mmoja kuna wateja sita. Ukifuata haya unaandika U = 6W, umeanguka. Jambo ni lile lile, lugha ni ile ile, mpangilio tu. Wanafunzi wangu walipata la kwanza, wakakosa la pili, na waliopata la kwanza hawakuwa wameelewa chochote zaidi ya waliokosa la pili. Walikuwa watu wale wale! Basi ukitaka kujua, uliza kwa mipangilio yote miwili. Au mwombe aweke namba: wauzaji kumi, wateja wangapi, je, mlinganyo wako unakubali? Na sisi tunaotunga kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili, tujue kwamba mara nyingine tafsiri yetu ya mdomo ndiyo iliyojibu swali. Nimejikuta nikifanya hivyo, natafsiri swali na ndani ya tafsiri nimeshatoa mlinganyo.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameniletea kikaratasi. Nakisoma: "Nina wanafunzi 68, silabasi haijaisha, na wewe unatuletea mtungi." Asante, mwalimu, ni haki yako. Mimi mwenyewe sifanyi haya kila siku, ningekuwa mwongo. Nafanya swali moja kwa wiki, Ijumaa, dakika tano za mwisho, majibu manne au matano ubaoni. Wanafunzi wanaweka vidole kifuani, kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, ili jirani asichungulie. Natazama darasa kwa sekunde kumi, najua fungu lipi ni kubwa. Kisha nawapa dakika mbili wabishane na jirani, wanaweka vidole tena. Sisahihishi chochote. Mafungu ya mezani nayafanya mara mbili kwa muhula, basi.

Na alama siweki. Hili nalisisitiza, kwa sababu najua tutatoka hapa na mtu atageuza maswali haya kuwa mtihani wa kuchuja wanafunzi. Yule msichana alifuta jibu sahihi kwa sababu alidhani alama ziko njiani na mtu wa B lazima anajua. Ukiweka alama, vidole vyote vitafuata vidole vya yule wa kwanza darasani. Wala usilifundishe swali lenyewe. Ukiwakaririsha kwamba dakika ya kumi na moja jibu ni A, umepata darasa linalojua kuhusu dakika ya kumi na moja. Libadilishie nguo: leo bodaboda, kesho mabomba mawili yanayojaza tangi, mwakani mifereji ya mpunga Ahero.

Kwa wenzetu wa shule za juu walioanza na gredi ya kumi Januari 2026, wakiwa na hisabati mbili, ile ya msingi kwa wanaoelekea sayansi na ile ya mahitaji ya kila siku kwa wengine, sina mengi. Nasikia tu watu wakisema swali la M-Pesa ni la wale wa kila siku na f(x + 2) ni la wanasayansi. Sikubaliani. La M-Pesa ndilo gumu. Lijaribuni kwa wanasayansi wenu kwanza.

Haya, mtungi. Msidhani nimeusahau.

Utazameni umbo lake. Kitako ni chembamba, tumbo limepanuka, bega linarudi ndani, kisha shingo iliyonyooka. Tutamimina maji kikombe kimoja kimoja, kikombe ni hiki hiki, na baada ya kila kikombe tutapima kimo cha maji. Swali: chora grafu. Mstari wa chini ni idadi ya vikombe, wa wima ni kimo. Hakuna fomula, hakuna namba hata moja. Carlson na wenzake walitumia swali la aina hii mwaka 2002, la chupa, kwa wanafunzi waliofanya vizuri katika kalkulasi ya chuo, na hata hao walibabaika. Linakutaka ushike vitu viwili vinavyobadilika kwa wakati mmoja, na juu yake uone jinsi kimoja kinavyobadilika kwa kila kipande sawa cha kingine. Ukishaweza hilo, mteremko wa grafu na kalkulasi yenyewe vinakuja vikitembea.

Darasani kwangu fungu kubwa lilichora mstari ulionyooka, maji yanaongezeka, grafu inapanda, kwisha. Fungu jingine lilichora mtungi, mtungi kabisa, na tumbo lake. Wachache walichora mpindo lakini wakaupindua: wakaufanya mkali pale tumbo lilipo pana, kwa sababu "hapo maji ni mengi". Yule msichana wa kifutio, nilipomwita anieleze, alisema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu la matayarisho: "Mwalimu, tumboni kikombe kinapotea."

Nahitaji watu watatu. Mwalimu wa shati la bluu, shika kikombe. Wewe hapo karibu na dirisha, chukua rula. Na mmoja wa kuandika ubaoni. Wengine, kabla tone la kwanza halijaingia, chora grafu yako kwenye karatasi, usimwonyeshe jirani, na kifutio kiweke mfukoni. Mmemaliza? Haya, mimina. Taratibu, tafadhali, mtungi si wangu.